Nilijaza Kopo la Nano kwa Majivu ya Jikoni na Unga wa Muhogo

Ndugu zangu, kosa ni langu! Si la mama mkwe, si la mke wangu, wala si la mvua, ingawa wote hao nimewahi kuwasingizia kwa nyakati tofauti. Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa na sasa naona heri niliseme, hata kama mtanicheka. Najua mtanicheka.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Langu silitaji kabisa, maana nina watoto wanaosoma na sitaki waulizwe shuleni.

Mimi ni fundi, mtu mzima mwenye mvi za kutosha. Nafanya kazi kwenye karakana moja ndogo huku Igoma. Tunatengeneza mipini ya vikaango, ile myeusi, migumu, unayoshika ili usiungue mkono. Bosi wetu nitamwita Dada Koku. Ni Mhaya na amesoma kemia mpaka mwisho. Hilo la kusoma huna haja ya kumuuliza, atakuambia mwenyewe kabla hujavuta kiti.

Alikuwa mwalimu, akaacha ualimu akafungua karakana. Kwao walimshangaa. Kaka yake mkubwa alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba msomi hatengenezi mipini, na kwamba akishindwa asione aibu kurudi darasani. Dada Koku akajibu kwamba hatashindwa. Basi tangu siku hiyo alikuwa anafanya kazi kama mtu anayefukuzwa.

Sasa sikilizeni, niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa ukubwa wa ujinga wangu.

Mipini hii inatokana na kitu kinaitwa resini ya fenoli. Msiogope jina! Ni unga tu. Unauchanganya na unga wa mbao na dawa ya kugandisha, unautia kwenye kalibu ya chuma, mashine inaubana kwa moto, unatoka mpini. Uzuri wake ukishaganda hauyeyuki tena kama ndoo ya plastiki. Ubaya wake, ukiuweka kwenye jiko la mkaa la mtu anayekaanga samaki kutwa, moto ukipanda pembeni ya kikaango, mpini unaungua polepole, unafanya malengelenge, mwisho unapasuka.

Dada Koku akapata dawa yake. Alichukua pumba za mpunga, zile zinazotupwa mashineni, akaziosha kwa asidi, akazichoma kwenye tanuru mpaka zikawa nyeupe pe. Kisha mimi mwenyewe nikazisaga siku nyingi kwenye pipa lenye gololi. Ukatoka unga laini kuliko vumbi, mwepesi, ukipumua karibu nao unaruka. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona moja moja. Hiyo ndiyo nano.

Ukitia unga huo kidogo tu kwenye resini, chembe zinajipenyeza kila mahali. Moto ukija, mpini unachelewa kuungua, na hata ukiungua juu, lile ganda linashikilia, halibomoki. Tulijaribu vipande vichache, vikakaa juu ya mkaa wakati vile vya zamani vimeshakuwa kifusi. Dada Koku alipiga kelele za furaha mpaka mafundi wa magari wa jirani wakaja kuuliza kama kuna nyoka.

Unga wote uliopatikana ulijaa kopo moja la maziwa. Kopo moja! Kazi ya wiki na wiki.

Ndipo Dada Koku akapata msiba kwao Bukoba. Kabla ya kuondoka akanipa ufunguo wa kabati.

"Kaka, kopo hili lisitoke humu," akasema. "Nikirudi tunachanganya, tunabana mipini, tunaipeleka mwaloni kwa Mama Nyanzobe."

"Ondoa shaka, Injinia," nikasema. Ndivyo nilivyozoea kumwita.

Mama Nyanzobe ndiye mwenyekiti wa kina mama wanaokaanga samaki pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Ni mama wa maneno. Mipini yetu ya mwanzo aliirudisha yote ikiwa imepasuka, akaimwaga juu ya meza ya Dada Koku mbele ya wateja. Alikuwa amekubali kutujaribu mara moja tu, ya mwisho. Akituambia hapana, hakuna mkaanga samaki mwingine ambaye angetusikiliza, na karakana ingefungwa.

Haya. Siku ya pili mvua ikanyesha, bati likavuja karibu na kabati. Unga ule hautaki unyevu hata kidogo. Ningeweza kusogeza kabati. Hatua mbili tu, ndugu zangu! Lakini moyoni nilikuwa na yangu. Nilitaka kwenda nalo nyumbani nikaonekane.

Nikalibeba kopo, nikapita nalo kwa majirani wote. Nikawaambia huu ni unga unaoshinda moto, umetengenezwa na mimi pamoja na injinia. Jirani mmoja akauliza kama unaweza kumsaidia kwa mke wake, maana naye ni moto. Tukacheka. Nilijiona daktari! Kisha nikaliweka kopo jikoni, juu ya rafu, palipo pakavu, nikaenda kuoga nikiwa naimba.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Ukerewe. Sasa mimi ni Msukuma niliyelelewa na bibi, na bibi yangu alinifundisha kumheshimu mkwe mpaka shingo iume. Sikai naye mkeka mmoja. Simpi mkono. Akiwa jikoni, mimi jikoni sipiti. Tunasalimiana nikiwa mlangoni nimeinama, naye ametazama ukutani. Kwa hiyo alipokuwa jikoni kwangu asubuhi yake akifanya alichofanya, mimi nilikuwa nimeshapita dirishani kwa nje, macho chini, nikaenda zangu kazini kwa heshima zote.

Mchana nikarudi kula. Nikaona kopo limeoshwa, limefunikwa kifudifudi kwenye kichanja cha vyombo. Linang'aa.

Nikamuuliza mke wangu, "Vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Yale majivu?" akasema. "Mama ameyachanganya na mbegu zake za kunde ili fukusi wasizitoboe. Amesema hajawahi kuona majivu ya pumba meupe namna ile. Amekusifu sana, anasema mkwe wake anajua kuchoma."

Nikakaa juu ya ndoo ya maji, na haikuwa na mfuniko.

"Yuko wapi?"

"Ameshakwenda bandarini. Anawahi meli ya Nansio."

Nikapanda bodaboda nikiwa nimelowa nyuma. Nikamwambia kijana aendeshe kama anapeleka mgonjwa. Nikafika bandarini, nikamwona mama mkwe amekaa kwenye benchi, kiroba cha kunde kipo miguuni pake. Bado hajapanda! Nikamshukuru Mungu. Nikasogea, nikainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akatazama ziwani. "Umenifuata hadi huku? Kuna nini?"

"Hapana mama. Nimekuja kwa ajili ya... hicho kiroba."

Hapo, wapendwa, ndipo ningesema. Sentensi moja tu. Mama samahani, majivu yale ni mali ya kazini. Lakini mtu utamwambiaje mkwe wako kwamba amechukua kisicho chake, mbele ya abiria wa Ukerewe wanaomjua mpaka jina la kuku wake?

Kabla sijapanga maneno, mama mkwe akaweka mkono kifuani.

"Umekuja kunibebea!" Akawageukia wenzake. "Nyie, mmeona? Ameacha kazi yake kuja kunibebea mzigo! Nani ana mkwe kama huyu?"

Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akanivulia kofia.

Nikabeba. Nano yote ya Dada Koku begani kwangu, nikaipandisha melini kwa nguvu zangu mwenyewe. Nikaitafutia mahali pakavu. Hata nikamwambia mama aangalie isilowane! Meli ikaondoka, mama ananipungia kanga, na mimi nimesimama pale napunga kama mjinga.

Nyumbani nikamwomba mke wangu ampigie mama yake simu. Akanitazama.

"Nimwambie mama yangu ni mwizi wa majivu? Mpigie wewe. Tena mpigie na bosi wako, umwambie ukweli leo."

Nikaishika simu. Nikairudisha mfukoni.

Sasa sikieni nilichofanya. Nilizoa majivu ya jikoni kwangu. Nikayachekecha kwa shela ya harusi ya mke wangu, maana ndiyo nguo laini kuliko zote ndani ya nyumba, na yeye alikuwa kwenye kwaya. Nikachekecha mara tatu. Majivu yakawa laini, lakini rangi ikakataa, yamebaki ya kijivu. Mke wangu ni mtu wa Ukerewe, kwa hiyo kwetu unga wa muhogo hauishi. Nikachota bakuli, nikachanganya. Weupe ukaja! Nikalijaza kopo, nikajipongeza. Haki ya Mungu nilijipongeza.

Dada Koku akarudi kutoka msibani, macho yamevimba, hana nguvu ya kukagua kitu. Akanyanyua kopo.

"Mbona limekuwa zito hivi?"

"Unyevu, Injinia. Mvua zilikuwa nyingi."

"Basi tuukaushe kwanza."

Akautia kwenye oveni. Baada ya muda karakana nzima ikanukia.

"Kaka, mbona kama kuna mkate?"

"Jirani anachoma maandazi," nikasema. Jirani yetu ni fundi wa betri za magari.

Tukachanganya, tukabana mipini. Kwa macho ilikuwa mizuri, myeusi, inang'aa. Unga wote uliisha, na kopo nikaliosha haraka mimi mwenyewe. Dada Koku hakutaka kujaribu tena, kwa sababu vipande vya kwanza vilishafaulu na Mama Nyanzobe alishatupangia siku. Aliniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Tukaenda mwaloni. Kina mama wakakusanyika, hata wapakua samaki waliacha mizigo yao. Dada Koku akasimama mbele na mpini mkononi, akaeleza habari za resini na nano kwa Kiswahili kizuri sana, watu wanatikisa vichwa. Mimi nilisimama nyuma yake najikuna mahali pasipowasha.

Mama Nyanzobe akafunga mpini kwenye kikaango, akatia mafuta, akapanga sato watano. Mkaa ulikuwa mwekundu.

Dakika za kwanza mpini ulitulia. Kisha bibi mmoja akanusa.

"Nani anasonga ugali hapa?"

"Unaungua huo ugali," akasema mwingine. "Kaugeuze!"

Wakaanza kuzunguka wakitafuta sufuria ya ugali. Mama Nyanzobe hakuzunguka. Aliinama, akasogeza pua kwenye mpini. Mpini ulikuwa umeanza kuvimba, unaumuka kama andazi, unatoa povu pembeni. Akaushika kwa kitambaa ili anyanyue kikaango. Ko! Mpini ukabaki mkononi, kikaango kikaenda chini, mafuta yakaingia kwenye mkaa, moto ukaruka juu, na kina mama wakatawanyika kila mtu na njia yake.

Mungu ni mwema, hakuna aliyeungua zaidi ya pindo la kitenge kimoja. Lakini sato watano walikuwa mchangani, na wale korongo wenye vipara wanaoshinda pale mwaloni hawahitaji mwaliko. Wakaja wakitembea taratibu kama wazee wa kanisa, wakamaliza kila kitu.

Mama Nyanzobe akamwendea Dada Koku na kile kipande.

"Injinia, hiki umenipa nishike au nile?"

Mwalo wote ukaangua kicheko. Nami nikacheka kidogo, ndugu zangu. Nilicheka ili nisionekane.

Dada Koku aliokota vipande kimoja kimoja mchangani, akavifunga kwenye mtandio wake. Tulipofika kwenye karakana ndipo akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Kaka, nimekosea wapi?"

Nikamjibu, "Labda mkaa wa pale ni mkali sana."

Huo ndio uongo ninaoujutia kuliko yote.

Wiki mbili Dada Koku hakula chakula cha mchana. Alikaa na madaftari yake, anapiga hesabu, anafuta, anapiga upya. Siku moja nikamkuta anaandika barua ya kuomba kurudi kufundisha. Akaona nimeiona.

"Kaka yangu alinijua," akasema. "Nadhani hata vile vipande vya kwanza nilijidanganya. Nilitaka sana viwe vizuri, nikaona ninachotaka kuona."

Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua! Halafu nikamuuliza kama atakunywa chai.

Siku mbili baadaye nikiwa kwenye mashine, nikasikia hodi mlangoni. Sauti niliifahamu. Nikageuka nikaona jogoo, na nyuma ya jogoo, mama mkwe. Nikajificha nyuma ya magunia ya unga wa mbao. Safari hii haikuwa heshima.

"Shikamoo mama, karibu," akasema Dada Koku.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye bosi wa mkwe wangu? Huyu jogoo ni wako. Nimekuja kushukuru kwa yale majivu."

"Majivu gani, mama?"

"Yale meupe ya pumba, aliyokuja nayo kwenye kopo la maziwa! Nilitia kwenye kunde, fukusi wamekufa wote, hakuna hata mmoja anayetembea. Majirani zangu wanataka. Binti yangu kaniambia nije nikuombe wewe mwenyewe."

Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.

"Mama," Dada Koku akasema polepole, "ulichukua kopo zima?"

"Zima. Kwani lilikuwa na kazi nyingine?"

Nikatoka nyuma ya magunia, nimejaa vumbi la mbao kichwani. Nikasema yote. Majivu ya jikoni, shela, muhogo, maandazi ya fundi betri. Mama mkwe alisahau kutazama ukutani. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Baba," akasema, "kwa nini hukuniambia pale bandarini? Ningemwaga kunde, nikakung'utia majivu yako. Unadhani mimi ni nani, simba?"

Dada Koku alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, hasa aliposikia la muhogo. Nikapumua, nikadhani yamekwisha. Kisha kicheko kikakatika katikati.

"Majivu nitachoma mengine, kaka," akasema. "Lakini wiki mbili nimekaa hapa najiona mjinga, na wewe ulikuwa unanitazama."



Jioni nikamkuta mke wangu anaipiga pasi ile shela. Akasema bila kunitazama, "Wewe mama humwezi na bosi wako humwezi. Nimewakutanisha wenyewe."

Dada Koku aliniambia jambo moja tu nifanye. Niende mwaloni, nisimame palepale, niwaambie kina mama kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi na mwongo ni mimi. Nikaenda. Wamenicheka vya kutosha, na jina walilonipa sitaliandika hapa, ila linasongwa na kuliwa kwa dagaa.

Tukachoma pumba upya, nikasaga upya. Safari hii Mama Nyanzobe alikaanga sato mpaka mafuta yakaisha, na mpini haukufanya hata lengelenge moja. Akaagiza mipini kwa ajili ya kina mama wote wa mwaloni. Barua ya ualimu Dada Koku aliichana.

Hakunifukuza. Ananitania, tunakula pamoja. Ufunguo wa kabati anao binamu yake aliyemleta kutoka Nyegezi, na unga Dada Koku anaupima mwenyewe. Simlaumu.

Wewe unayesoma, kuharibu kila mtu anaharibu. Ningesema siku ile ile, tungecheka wote na kuchoma pumba nyingine. Ninachokuonya ni hiki: ukiona mtu ameanza kujilaumu kwa kosa lako, usitafute tena maneno mazuri. Sema kwa kigugumizi, sema ukilia, lakini sema siku hiyo hiyo! Mimi nilinyamaza wiki mbili tu. Dada Koku wa zamani, kipande kikifaulu, alikuwa anapiga kelele palepale, majirani wanakimbilia. Siku hizi kikifaulu anakaa kimya, anakijaribu tena, halafu tena mara ya tatu, ndipo anatabasamu kidogo.